Taa Iliyozimika Rungwe Mpya

Sehemu ya tisa

Kidole cha Fundi Kudra kiko hewani bado, palepale tulipokiacha.

Kimetoka ndani ya kopo la mafuta ya breki la gari la marehemu Moses, na hakikutoka kitupu. Kimetoka na kitu chekundu, kizito, kilichoganda kama mchuzi wa jana. Mafuta ya breki ni mepesi, yanakimbia kidoleni hata kabla hujayatazama. Haya yalikuwa yameng'ang'ania.

Fundi akayanusa. Akamtazama bosi wake, kisha akamtazama mjane.

"Haya si mafuta ya breki," alisema.

Nadine akashika ukingo wa boneti ili asianguke.

Kwa aliyedandia safari hii njiani, mambo ni haya. Nadine ni mjane wa Moses, aliyekuwa dereva wa mchomoko, gari dogo la abiria, kati ya Kasulu na Kibondo. Siku moja Moses alishusha abiria wake wa mwisho Murungu, akageuza kurudi nyumbani Rungwe Mpya peke yake, na kwenye mteremko wa kushukia mtoni gari likamshinda. Lilikwenda kujibamiza kwenye mwamba. Barabarani haikuonekana alama hata moja ya tairi lililofungwa breki, kwa hiyo watu wakasema alikuwa amelewa.

Moses huyo! Mlokole ambaye hata akipewa togwa alikuwa anauliza kwanza ilipikwa lini.

Aliyeyasema hayo kwa sauti kubwa kuliko wote ni Badru, mwenye yadi ya magari hapo Kasulu mjini. Gari yeye ndiye aliyeliuza, na lilikuwa bado ndani ya waranti. Kama dereva hakulewa, basi yadi ndiyo yenye makosa, na Badru hakutaka makosa hayo yalale mlangoni kwake. Familia nayo haikunyamaza. Pasikali, kaka wa marehemu, alimwita Badru muuaji katikati ya soko, watu wakiwa wamejaa.

Leo ndiyo siku pande zote mbili zimekubali boneti ifunguliwe, hapa yadini kwa Badru. Jumamosi ni kuondoa matanga, kuganduka kama wanavyosema wenyewe, na Nadine ameapa kwamba mumewe hatazikwa mara ya pili kwa jina la mlevi.

Pasikali hakuja. Alisema akimwona Badru atafanya jambo la kumpeleka jela, tena kuna wazee wa kuwafuata Murungu kwa ajili ya Jumamosi. Amewafuata kwa gari lake, pacha wa hili, maana ndugu hao walinunua mawili siku moja kwenye yadi moja. Akamchukua na Aline, binti wa Nadine, ili mtoto akapunge upepo.

Mama mzazi wa Moses, Mama Ndayikunda, amekuja. Lakini amegoma kuliona gari. Amekaa nje ya geti kwenye benchi, amejifunika kitenge, anasubiri kuambiwa kilichomuua mwanawe.

Haya, turudi kwenye kidole.

"Mmeona!" Badru alipiga makofi. "Mmeona wenyewe! Kuna mkono wa mtu umeingia humu. Kudra, waranti inasemaje? Mtu wa nje akigusa, imekufa. Basi hii imekufa!"

"Bosi, subiri kwanza."

"Nisubiri nini? Nimeitwa muuaji mimi! Mke wangu Mwanaheri akienda sokoni wauza ndizi wanampa mgongo. Watu waliokuja kutazama magari wanapita upande wa pili wa barabara. Leo nasema, na nasema kwa sauti."

Nadine hakumsikia. Alikuwa ameinama juu ya kopo, na harufu ilikuwa imempata.

Mawese. Hilo hata mtoto wa Kigoma angelijua. Lakini ndani ya mawese kulikuwa na harufu nyingine, ya majani ya kivumbasi. Katika Kasulu nzima Nadine anamjua mtu mmoja tu anayelowesha kivumbasi kwenye mawese. Huyo huyatia kwenye kichupa kidogo cha dawa ya kikohozi, anakipeleka kanisani kiombewe, kisha anakipaka kila kitu anachokipenda. Alimpaka Aline utosini siku alipozaliwa. Alipaka mpini wa jembe jipya, pembe za mbuzi, kizingiti cha nyumba. Siku Moses alipoleta gari Rungwe Mpya, alilipaka usukani na tairi zote, huku anaimba.

"Mungu wangu," Nadine alisema polepole. "Ile taa."

Alikumbuka jioni ile. Moses aliingia ndani na wasiwasi, akawaita wote wawili, mke na mama, wakaone. Kwenye dashibodi kulikuwa na duara jekundu lenye alama ya mshangao katikati.

"Inadai mafuta ya breki," aliwaambia.

"Si umwite fundi wa pale senta?" mama yake aliuliza.

"Waranti, Mama. Fundi wa nje akigusa tu, Badru ananitupa. Nimempigia, kasema nisubiri, spea ziko njiani."

"Kwa hiyo fundi amekatazwa."

"Amekatazwa kabisa."

Mama Ndayikunda alitikisa kichwa, akaenda kulala. Asubuhi Moses alipowasha gari, taa haikuwaka. Alishuka akacheza uwanjani, miguu pekupeku. Jumapili akatoa ushuhuda kanisani kwamba Mungu amegusa gari ambalo fundi alizuiwa kuligusa, na kanisa zima likaitikia. Nadine mwenyewe aliitikia kuliko wote. Mama Ndayikunda alisimama akasema aliamka alfajiri akaomba, basi, akakaa. Yeye ni mtu wa kutoa sadaka yake kwa siri.

Fundi alikatazwa. Mama si fundi.

Uchungu uliompata Nadine pale haukuwa na pa kukaa. Ungekuwa wa hasira angejua la kufanya nao. Lakini utamkasirikia nani? Mwanamke aliyeamka kwenye baridi, akafungua boneti kwa mikono yake ya kulimia, akatafuta mfuniko unaofunguka, akammiminia mwanawe kitu bora kuliko vyote alivyonavyo?

"Bwana Badru," alisema, "naomba upunguze sauti."

"Nipunguze? Mimi?"

"Mama yuko nje."

 Badru akalitazama geti, akakitazama kidole cha fundi, akamtazama Nadine usoni. Si mtu mjinga, Badru.

"Ni yeye?"

"Ni mafuta yake ya maombi."

"Innalillahi." Alivua kofia, akajipangusa jasho ambalo kwa baridi ile halikuwa na sababu. "Mwenyewe anajua?"

"Hajui. Akijua atakufa. Moses ndiye aliyekuwa anakaa naye, ndiye aliyekuwa anamchotea maji ya kuoga. Nakuomba kama baba yangu, hili lifie humu ndani."

"Nakuonea huruma, Mama Aline, wallahi nakuonea. Lakini mimi nani kanionea? Shemeji yako kanivua nguo sokoni. Nikinyamaza leo, watoto wangu watakua ni watoto wa muuaji." Akavaa kofia. "Natoka. Nitamwambia kwa upole, lakini nitamwambia."

Nadine akapiga magoti. Simenti ilikuwa na oili, na kitenge chake cha msiba kikaloa, hakujali. Akamshika Badru ukingo wa kanzu.

"Mtu mmoja nimeshamzika," alisema. "Usinipe wa pili."

Badru akajinasua, akapiga hatua kuelekea getini.

"Bosi," Fundi Kudra aliita. "Kabla hujatoka, uliza kwa nini kopo lilipungua."

Badru akasimama.

Kudra hakuwa mtu wa maneno mengi, na siku hiyo kila neno alilolitoa lilionekana kumuuma. Alizunguka nyuma ya gari, ambako tairi moja lilikuwa limeshafunguliwa, akachuchumaa. Akaonyesha kwa bisibisi.

"Silinda ya gurudumu inavuja. Na hii si ya ajali. Tazama vumbi lilivyoshikamana na mafuta, safu juu ya safu. Gari lilitoka hapa yadini likiwa linavuja. Ndiyo maana taa iliwaka."

"Na ikazimika," Badru alisema.

"Ilizimika kwa sababu kopo lilijaa. Taa ile inapima ujazo tu, bosi. Ujaze mafuta yake, ujaze maji, ujaze uji, itazima. Haina pua." Akainuka. "Kisha mawese yakaingia kwenye raba za masta silinda, ile inayosukuma mafuta kwenye magurudumu. Raba zinavimba. Siku ya kwanza unakanyaga breki unaziona nzuri, ya pili nzuri. Zinakuja kukugomea ukiwa mteremkoni, umezikanyaga mfululizo. Hapo pedeli inazama mpaka chini na gari linakwenda."

Nadine alikuwa bado magotini. "Kwa hiyo zile alama barabarani..."

"Hazikuwepo kwa sababu breki hazikushika. Si kwamba hakukanyaga." Kudra akafungua mlango wa dereva, au kilichobaki cha mlango. "Njoo uone mwenyewe, dada."

Alikwenda. Aliinama ndani ya gari ambalo mumewe alifia, akatazama pale fundi alipoelekeza. Chuma cha pedeli ya breki kilikuwa kimepinda.

"Mlevi hapindi pedeli," Kudra alisema. "Huyu alikanyaga kwa nguvu zake zote."

"Alikanyaga," Nadine alisema. Akaishika ile pedeli kwa mikono miwili. "Alikanyaga, jamani. Alikuwa anataka kurudi nyumbani." Na hapo akalia, kwa mara ya kwanza tangu aingie yadini, analia ameshika kipande cha chuma, na hakuna aliyemwambia anyamaze.

Kudra akamgeukia bosi wake. "Moses alinipigia mimi vilevile, nikakuletea habari. Ukasema aendeshe taratibu, taa za Japani zina wasiwasi kuliko wenyewe."

 Badru alitafuta pa kukaa, akakaa juu ya tairi bovu, kanzu yake nyeupe ikagusa vumbi. Yule mtu aliyekuwa anapiga makofi muda mfupi uliopita alikuwa amezeeka ghafla.

"Nilisema hivyo," alisema mwishowe. "Kweli, nilisema."

 Nje ya geti mtu alipita na baiskeli yenye mzigo wa ndizi, akamwamkia Mama Ndayikunda kwa Kiha, naye akaitikia. Nadine aliisikia ile sauti, nyembamba, ya mtu anayesubiri kwa adabu.

"Tufanye hivi," Badru alisema. Sauti yake ilikuwa chini sasa. "Silinda ilivuja, breki zikafeli. Tuseme hivyo, na hivyo ni kweli. Waranti itasimama, nitakupa gari jingine zima, alitoe Kudra mwenyewe baada ya kulikagua. Jumamosi nitakuja Rungwe Mpya, nitasimama mbele ya watu, niseme Moses hakulewa na mimi nilimsingizia. Haya mengine..." Alionyesha kopo kwa kidevu. "Haya mengine Kudra ana tambara."

"Na Mama?"

"Mama atajua kwamba gari lilikuwa bovu. Ataniapiza mimi. Nimeshazoea."

Msomaji, usimlaumu Nadine. Tangu afiwe alikuwa hajapewa jambo jema na mtu yeyote, na sasa amewekewa yote mkononi: jina la mumewe, riziki ya mtoto wake na usingizi wa mama mkwe wake. Kinachotakiwa ni tambara moja. Ungekuwa wewe ungekataa?

"Futa," alimwambia fundi.

Kudra alichukua tambara lakini hakufuta. Alikuwa anafikiri, uso umekunjamana.

"Mama Aline, lile gari la pili. La shemeji yako. Yalikuja pamoja haya, silinda zake ni..."

"Mbona mnanong'ona hivyo?"

Wote watatu waligeuka.

Mama Ndayikunda alikuwa amesimama ndani ya geti. Mwanamke mfupi, mkavu, kitenge kimefungwa kifuani kwa mkao wa msiba. Alikuwa amesikia kilio, na mama mkwe gani hukaa kwenye benchi mkwewe akilia?

"Nimechoka kukaa nje kama mgeni," alisema. "Nimeona niingie niliage. Jumamosi tunaganduka. Si vizuri kuacha kitu bila kukiaga."

"Mabukwe, twende nyumbani," Nadine alisema, akimkimbilia mama mkwe wake. "Tumemaliza hapa. Wamesema gari lilikuwa bovu, Moses hakulewa. Badru mwenyewe amekubali."

"Hakulewa?"

"Hakulewa, Mama."

Bibi akafumba macho. Midomo yake ikatikisika, akasema maneno ya Kiha ambayo Nadine aliyasikia nusu tu, yote ya kumshukuru Imana, Mungu. Kisha akamwinamia Badru, yeye, mama wa marehemu, akamwinamia yule waliyemwita muuaji.

"Asante, baba, kwa kusema kweli."

Badru alitazama chini.

Wangeondoka hapo, hadithi yetu ingeishia kwa amani, na pengine nisingekuwa na la kukuandikia. Lakini mama alikuwa na neno la kuaga, na mkono wake ulikuwa umeshaingia ndani ya kitenge. Ulitoka na kile kichupa.

Alilisogelea gari. Alipitisha kiganja juu ya boneti iliyojikunja, polepole, kama anayepapasa paji la mgonjwa. Alitazama ndani, akapangusa machozi, halafu akatabasamu kidogo.

"Ego, ndiyo. Ni hapa." Kidole chake kiligusa mdomo wa kopo. "Hapa ndipo nilimwekea mwana wanje, mwanangu."

Kudra alilifumbata tambara.

"Sikumwambia mtu," aliendelea, "hata yeye. Sasa amekwenda, naweza kusema. Alisema taa inataka mafuta na fundi amekatazwa. Mimi si fundi. Niliamka, nikaomba, nikamwekea. Yote, kichupa kizima. Na taa ikazimika, mnakumbuka? Hata kama gari lao lilikuja kumuua, siku zile chache alitembea kwa amani. Hicho ndicho kinanisaidia kulala."

Akamgeukia Kudra.

"Wewe ndiye fundi. Niambie. Nilimimina pazuri?"

Kudra alikuwa na tambara mkononi na wekundu kidoleni. Alimtazama Nadine. Macho ya Nadine yalimsihi. Fundi akakificha kidole ndani ya tambara.

"Pazuri kabisa, Bi mkubwa," alisema Badru.

Badru! Alikuwa ameinuka kutoka kwenye tairi, kofia mkononi. "Ulimimina pazuri. Hata mimi nisingejua pa kumimina. Mwanao aliondoka na dua yako."

Nadine alimtazama yule mtu, na kwa mara ya kwanza hakuona muuaji wala mfanyabiashara. Alitamani kumshika mkono.

"Imana ashukuriwe," bibi alisema, mabega yakashuka. "Nilikuwa na wasiwasi moyoni, nikisema labda nilikosea tundu. Basi sasa nimetulia. Na lile la Pasikali nalo nimeliwekea palepale."

Tambara la Kudra likaanguka.

"La Pasikali?" Nadine aliuliza.

"Taa yake nayo iliwaka wiki hii. Alisema afadhali afe kuliko kulirudisha gari kwa..." Alimtazama Badru kwa aibu. "Usichukie, baba, alikuwa na hasira ya ndugu yake. Na fundi wa senta hawezi kumwita, anasema waranti ndiyo ushahidi wa kesi. Mimi nikaona basi, si kazi ngumu. Juzi alfajiri nikamwekea. Hata yeye hajui. Taa imezimika, anaimba tu."

Njia ya mwongo ni fupi. Uongo huu wa kwao ulikuwa haujafika hata getini.

Nadine alikuwa ameshatoa simu. Akapiga, akakosea, akapiga tena. Iliita. Ikaita.

"Shemeji!" Sauti ya Pasikali ilitoka imejaa furaha, na nyuma yake mtoto alikuwa anaimba wimbo wa Sunday school, na wazee wanampigia makofi. "Nilikuwa nataka kukupigia! Unajua ile taa imezimika? Yenyewe! Mungu si Athumani, shemeji!"

"Uko wapi?"

"Wazee nimewachukua, tunarudi. Aline kaniomba apaone pale baba yake alipolala, tumechuma maua. Tumeshafika juu ya ule mteremko, tunaanza kushuka."

"Simama."

"Nini?"

"Simamisha gari, Pasikali! Usishuke!"

"Kwa nini? Uko kwa Badru, siyo? Amekwambia nini huyo?"

"Mwambie arudishe gia ya kwanza!" Kudra alipiga kelele. "Asikanyage mfululizo! Avute hendibreki taratibu, aliegemeze kwenye ukingo wa barabara!"

"Nani huyo? Ni fundi wake?" Sauti ya Pasikali iligeuka. "Shemeji, usikubali kutishwa. Anataka gari langu lirudi yadini afute ushahidi. Breki zangu nzima, nimetoka nazo Rungwe Mpya mpaka Murungu. Tutaongea nikifika."

"Pasikali, nisikilize!"

"Tutaongea nikifika, Nadine. Mtoto anasikia."

Nadine aligeuka. Mama Ndayikunda alikuwa amesimama hatua mbili nyuma yake, kichupa mkononi, anamtazama kwa macho ya mtu asiyeelewa lakini ameanza kuogopa. Kwenye simu Aline alifika kwenye kiitikio, na injini ikaanza kuunguruma kwa sauti ya gari linaloteremka.

Angekuwa na nafasi ya kukimbia, angekimbia hadi nyuma ya ukuta akayasemee huko. Hakuwa nayo. Kulikuwa na mtoto ndani ya gari lile na mama mbele yake, na neno moja tu la kuwagawia.

"Ni mafuta ya Mama!" alipiga yowe. "Mama aliyamimina kwenye breki zako! Ndiyo yaliyomuua Moses! Pasikali, mafuta ya Mama ndiyo yaliyomuua Moses!"

 Badru alijiziba uso.

Pasikali akasema, kwa sauti ndogo ambayo Nadine hakuwahi kuisikia kwake:

"Shemeji. Pedeli inazama."

Wimbo wa mtoto ukakatika. Kukabaki ngurumo tu, inaongezeka, inaongezeka, na mzee mmoja anaita jina la Yesu.

Nadine aliikandamiza simu sikioni kwa mikono miwili. Nyuma yake alisikia kitu kidogo cha kioo kikianguka kwenye simenti, na harufu ya mawese na kivumbasi ikajaa pale walipokuwa wamesimama. Kisha mkono mkavu ukamgusa bega, kwa upole uleule uliompokea nyumbani siku alipoolewa.

"Mukazana wanje," Mama Ndayikunda alisema, akimwita mkwe wake kwa Kiha. "Mafuta yangu yamemuua nani?"